Mbwa Wako Akiharisha: Maji Kwanza, Kisha Wali

Umeamka asubuhi na kufungua zizi. Mbuzi wote wamo. Lakini mbwa wako hakuja kukupokea kama kawaida yake. Amelala chini ya mwembe. Uani kuna kinyesi cha majimaji. Usiku alitapika mara mbili, na ugali uliompa jana jioni bado uko kwenye chombo chake.

Wengi wetu husema, "Huyo ni mbwa tu, atapona mwenyewe." Ni kweli, mara nyingi hupona. Lakini mara nyingine hafiki siku ya tatu. Na mbwa huyo ndiye anayebweka fisi anaposogelea zizi. Ndiye anayewafukuza ngedere na nguruwe mwitu mahindi yanapoanza kukomaa. Akifa leo, kesho utalinda shamba wewe mwenyewe, au mtoto ataacha shule akalinde.

Mbwa mwenye tumbo lililovurugika anaweza kusaidiwa kwa vitu vilivyomo jikoni mwako. Vitu hivyo ni maji, chumvi, sukari, mchele na nyama kidogo. Tutaeleza namna ya kuvitumia. Lakini kwanza kuna jambo moja la hatari ambalo lazima ulijue.

KABLA HUJAMGUSA

Mwangalie mbwa ukiwa mbali kidogo. Je, anakutambua? Je, anatingisha mkia ukimwita jina? Au macho yake yamebadilika, mate yanamchuruzika, taya limelegea, sauti imekuwa nyingine, na anauma hata vijiti na mawe?

Mbwa mwenye kichaa cha mbwa hushindwa kumeza. Anaonekana kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni. Mwenye mbwa humhurumia, akaingiza mkono kinywani autafute mfupa. Mfupa haupo. Ugonjwa umo ndani ya mate, na mate hayo yakiingia kwenye mchubuko wa kidole yanatosha kumwambukiza mtu. Mtu akishaanza kuonyesha dalili za ugonjwa huu, ni nadra sana kupona.

Kwa hiyo, mbwa asiyeweza kumeza, au aliyebadilika tabia ghafla, usimpe uji wala dawa. Usimfungue kinywa. Waondoe watoto, mfungie mahali ikiwezekana bila kumgusa, kisha umwite bwana mifugo. Kama amekwisha kukuuma au mate yake yameingia kwenye jeraha, osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe sindano. Usingoje uone kama utaugua.

Ikiwa mbwa wako anakutambua, anameza mate yake, na shida yake ni tumbo tu, basi tuendelee.

AMEKULA NINI?

Tumbo la mbwa huvurugika kwa sababu nyingi. Sababu ya kawaida ni kula ovyo. Mbwa wetu wa kijijini hawafungwi. Hula mzoga porini, hula matumbo yaliyotupwa machinjioni, hula mabaki ya harusi yenye mafuta na pilipili. Siku ya sikukuu watu hula vizuri, na kesho yake mbwa wanaharisha. Chakula kikibadilishwa ghafla tumbo la mbwa hugoma, hata kama chakula chenyewe ni kizuri. Minyoo nayo huleta kuharisha, hasa kwa watoto wa mbwa.

Lakini kuna sababu moja ambayo watu wengi hawaifikirii, nayo ni mahindi mabovu. Unapopepeta mahindi unatenga punje zilizoota ukungu. Unasema, "Hizi hazifai kwa watu, tumsagie mbwa." Ndugu msomaji, hapo unamlisha mbwa sumu. Ukungu wa aina fulani hutengeneza sumu ndani ya punje. Wataalamu huiita sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na haiishi kwa kupika. Hata ukichemsha ugali tangu asubuhi hadi jioni, sumu itabaki. Huharibu ini. Mbwa huacha kula, hutapika, huharisha, macho na fizi hugeuka rangi ya manjano, kisha hufa.

Mwaka 2005 huko Marekani mbwa wengi walikufa kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Nayo haichagui kati ya mbwa na mtu. Mwaka 2004 nchini Kenya, katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mbwa akiugua baada ya kula unga fulani, usimlaumu mbwa. Kautazame unga, maana pengine watoto wako wanakula unga ule ule.

MAJI KWANZA

Mbwa anayeharisha haui na njaa ya siku moja. Huuawa na kukauka maji. Kila anapoharisha au kutapika, maji na chumvi za mwili hutoka pamoja. Ni kama ilivyo kwa mtoto mchanga.

Unaweza kupima mwenyewe kama amekauka. Vuta ngozi ya mgongoni, kati ya mabega, kisha uiachie. Kwa mbwa mwenye maji ya kutosha, ngozi hurudi mara moja. Kwa mbwa aliyekauka, ngozi hubaki imesimama kidogo kama hema, ndipo irudi polepole. Macho yake nayo huingia ndani.

Dawa yake ni ile ile tunayowapa watoto wanaoharisha. Kama una pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini kutoka zahanati au dukani, ikoroge kama maandishi ya pakiti yanavyosema. Kama huna, tengeneza hivi: chemsha lita 1 ya maji safi, uyaache yapoe. Tia sukari vijiko 6 vya chai. Tia chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko viwe vimesawazishwa, si vya kujaza kilima. Koroga mpaka viyeyuke. Usizidishe chumvi kwa kudhani utamponya haraka. Chumvi nyingi itamdhuru zaidi.

Mimina kidogo tu kwenye chombo chake, kama vijiko vichache vya chakula, kila baada ya nusu saa. Akipewa bakuli zima atalinywa lote kwa kiu, kisha atalitapika lote. Akinywa kidogo na yakabaki tumboni, ongeza polepole. Kando yake weka pia maji safi ya kawaida, naye achague. Maji ya dawa yasiyokwisha kwa siku moja yamwage, utengeneze mengine.

Usimkamate mbwa na kummiminia maji kinywani kwa nguvu. Maji yanaweza kuingia mapafuni badala ya tumboni. Mwache alambe mwenyewe. Mbwa anayekataa hata kulamba, au anayetapika kila tone, ni mgonjwa sana. Huyo hafai kutibiwa jikoni.

CHAKULA CHA MGONJWA

Mbwa mkubwa aliyekuwa akitapika aachwe bila chakula kwa muda wa nusu siku, ili tumbo lipumzike. Maji apewe kama tulivyoeleza. Kama haharishi sana wala hatapiki, hakuna haja ya kumfungisha. Mpe chakula laini moja kwa moja.

Chakula chenyewe ni wali na nyama. Chukua mchele mweupe, uuoshe, uupike kwa maji mengi mpaka uwe laini sana, karibu na kuwa bokoboko. Usitie chumvi, nazi, wala mafuta. Katika sufuria nyingine chemsha nyama ya kuku isiyo na ngozi, au nyama ya ng'ombe au ya mbuzi isiyo na mafuta. Hapa pia usitie kitu kingine chochote. Mafuta yakielea juu ya mchuzi, yaondoe kwa kijiko uyamwage. Toa mifupa yote. Katakata nyama vipande vidogo kama unavyomkatia mtoto aliyeota meno mawili.

Changanya wali mafungu 2 na nyama fungu 1. Kwa mbwa wa kadiri wa kijijini, mwenye uzito wa kilo 15 hivi, vikombe 2 vya wali uliokwisha kuiva na kikombe 1 cha nyama vinatosha kwa siku nzima. Lakini usimpe vyote kwa mara moja. Vigawe mara 4 au 5, asubuhi hadi usiku. Anza na kiasi cha ngumi ya mtoto. Ngoja saa mbili. Asipotapika, mpe tena.

Utasema, "Mimi nampa mbwa wali na kuku, na watoto wangu wanakula ugali na mchicha?" Swali hilo ni la haki. Kuku mzima hahitajiki. Kipande cha kifua kinatosha kwa siku mbili. Kama hakuna nyama, chemsha yai mpaka liive, uliponde pamoja na wali. Samaki mbichi wa ziwani au baharini aliyechemshwa na kutolewa miiba yote pia anafaa. Dagaa wa chumvi hawafai. Na kama mchele hakuna, tumia viazi mviringo au viazi vitamu vilivyomenywa na kuchemshwa vizuri, au uji mzito wa sembe nzuri iliyopikwa mpaka ikaiva kabisa. Kijiko kimoja au viwili vya boga lililochemshwa na kupondwa husaidia kinyesi kushikana. Maharage yaacheni, yanajaza gesi. Mihogo nayo tusiijaribu kwa mgonjwa.

Endelea na chakula hiki kwa siku 2 au 3. Kinyesi kikianza kushikana, usirudi kwenye makombo kwa siku moja. Siku ya kwanza changanya ugali wake wa kawaida robo, na chakula cha mgonjwa robo tatu. Siku inayofuata nusu kwa nusu. Halafu ugali robo tatu. Mpaka siku ya nne au ya tano awe amerudi kwenye chakula chake. Watu wengi hukosea hapa. Mbwa ameonyesha nafuu asubuhi, jioni anatupiwa utumbo mbichi, na usiku anaanza upya.

Wala usifikiri wali na nyama vinamtosha mbwa maisha yake yote. Ni chakula cha siku chache za ugonjwa. Kikiendelea kwa wiki nyingi mbwa atakosa madini, hasa ya mifupa.

MAMBO YA KUACHA

Watu hupenda kumpa mbwa mgonjwa maziwa, wakidhani yanalainisha tumbo au yanaua sumu. Maziwa hayaui sumu. Mbwa wengi wakubwa hawawezi kusaga sukari iliyomo katika maziwa, na kuharisha huongezeka.

Vitunguu maji na vitunguu saumu ni vibaya kwa mbwa hata akiwa mzima. Huharibu damu yake. Ndiyo maana tumesema nyama ichemshwe peke yake, na mchuzi wa watu uliokaangwa vitunguu asipewe. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, huvunjika kama vijiti vyenye ncha na inaweza kutoboa utumbo.

Dawa za watu zibaki kwa watu. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni vinaweza kumletea mbwa vidonda tumboni na kuharibu figo zake. Dawa ya minyoo ya ng'ombe pia usimkadirie mbwa kwa macho. Kipimo kidogo kwa ng'ombe kinaweza kuwa kikubwa mno kwa mbwa.

Tukiwa bado kwenye chakula, tuseme neno juu ya machinjio. Ukichinja mbuzi au kondoo ukakuta malengelenge yenye maji kwenye maini au mapafu, usimtupie mbwa. Ndani ya malengelenge hayo mna mbegu za tegu. Mbwa akila, tegu hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mtoto anayecheza na mbwa anaweza kuyameza. Mayai hayo humletea mtu uvimbe wenye maji ndani ya ini. Ugonjwa huu umewasumbua sana wafugaji wa Turkana, Kenya, na hata wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania. Vichome vipande hivyo, au vifukie chini sana ambapo mbwa hawezi kufukua.

MTOTO WA MBWA SI MBWA MKUBWA

Yote tuliyosema juu ya kusubiri nusu siku hayamhusu mtoto wa mbwa. Huyo mwili wake ni mdogo na hauna akiba. Akikaa bila kula kwa saa nyingi anaishiwa nguvu kabisa. Mpe maji ya chumvi na sukari mara nyingi, na chakula laini kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3. Na umwite mtaalamu siku hiyo hiyo.

Kuna ugonjwa wa virusi uitwao pavo. Ulijulikana duniani mwaka 1978, ukaenea haraka katika nchi nyingi. Huwashika zaidi watoto wa mbwa wa wiki 6 hadi miezi 6. Hutapika, huacha kula, huharisha kinyesi chenye damu na harufu mbaya sana isiyosahaulika. Wali hauponyi pavo. Mtoto huyo anahitaji maji ya dripu na dawa za mtaalamu, na hata hivyo wengine hufa. Mbwa wako mmoja akifa kwa ugonjwa huo, usilete mtoto mwingine upesi ukamweka pale pale. Virusi hivyo hukaa ardhini kwa muda mrefu, hata mwaka mzima. Kinga yake ni chanjo, ambayo huanza mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa mpaka afike wiki 16.

Minyoo nayo huanza mapema mno. Mtoto wa mbwa huipata tumboni mwa mama yake, au katika maziwa. Ndiyo sababu unaona tumbo kubwa kama ngoma na mbavu zinahesabika. Uliza dawa ya minyoo ya mbwa anapofikisha wiki 2, usingoje akue. Hiyo minyoo pia huwapata watoto wetu. Kinyesi cha mbwa kizolewe kwa jembe na kufukiwa, chombo chake kioshwe mbali na vyombo vya nyumbani, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

WAKATI WA KUMWITA BWANA MIFUGO

Usingoje siku 3 ukiona damu kwenye kinyesi, au kinyesi cheusi kama lami. Usingoje kama mbwa hawezi kusimama, fizi zake zimekuwa nyeupe au za manjano, au hawezi kubakiza hata maji tumboni. Mbwa ambaye tumbo limejaa ghafla kama kibuyu, naye anajaribu kutapika lakini hakitoki kitu, anaweza kufa katika saa chache. Na mbwa mkubwa aliyekula wali vizuri kwa siku 2 bila nafuu yoyote, naye aonwe.

Halafu kuna sumu. Mbwa akianza kutetemeka, kutoa povu na kuharisha mara tu baada ya siku ya kuogesha mifugo, fikiria dawa ya kuogeshea. Pengine alikunywa maji yaliyobaki kwenye ndoo. Fikiria pia sumu ya panya, au dawa ya kunyunyizia pamba na mboga. Usimtapishe kwa chumvi wala kwa mafuta. Dawa nyingine huunguza koo mara ya pili zikipanda. Kama mwili wake umelowa dawa, vaa mifuko ya plastiki mikononi umwoshe kwa sabuni na maji.

Bwana mifugo akija atakuuliza maswali, basi uwe na majibu tayari. Alianza lini? Ametapika mara ngapi, ameharisha mara ngapi? Kinyesi kina rangi gani? Alikula nini juzi na jana? Amepata chanjo ya kichaa cha mbwa mwaka huu? Mwonyeshe cheti kama unacho. Na kama unashuku sumu, usimweleze rangi ya chupa tu. Mpe chupa yenyewe, yenye maandishi yake, asome jina la dawa iliyokuwamo.